Maswali ya Jikoni: Theluji Imefunga Mlango, Tuoke Nini?

Msimu wa baridi ukianza tu barua za safu hii zinabadilika, wanaouliza habari za juisi na achari wanapungua, wanakuja ndugu zetu walioko Marekani na Kanada, wamefungiwa na theluji, watoto wote ndani, wanataka kujua waoke nini na unga utaumukaje kwenye baridi ile. Leo nimewapa wao nafasi karibu yote, na mmoja wa Njombe ambaye swali lake nimelipenda.

Anti shikamoo. Mi niko Cheektowaga, hapa pembeni ya Buffalo, New York. Wametangaza dhoruba kuanzia Ijumaa usiku, wanasema inaweza kufika inchi 30, na kaunti ikishapiga marufuku magari basi hakuna kutoka mpaka Jumatatu. Mama mkwe yupo kwetu tangu Oktoba, katokea Tanga, theluji kubwa hajawahi kuiona. Watoto nnao watatu. Mimi na mume wangu wote tunapiga shifti, mara ya mwisho tumekaa nyumbani wote wikendi nzima hata sikumbuki, kwa hiyo hii nataka iwe nzuri, tuoke vitu, nyumba inukie, sio kila mtu na simu yake kwenye kona. Nianzie wapi? Na la pili nalisema kwa heshima, mama akisikia baridi anawasha oveni anaacha mlango wazi ili jikoni pawe na joto. Oveni yetu ya gesi. Namwambiaje?

Marahaba mwanangu. Naanza na hilo la oveni maana lenyewe halisubiri. Oveni ya gesi ikiwaka masaa mlango wazi, kwenye nyumba ambayo madirisha yote yamezibwa kwa ajili ya baridi, inaweza kujaza nyumba kaboni monoksaidi, na hewa hiyo haina harufu wala rangi, mtu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu na kichefuchefu, anadhani ni uchovu anaenda kujilaza, na kujilaza ndo anapotea. Kuoka ni sawa kabisa, mlango umefungwa, nusu saa au saa moja umemaliza umezima. Kupasha nyumba joto sio kazi yake. Na kwenu kuna jambo la pili ambalo wageni wengi hawaambiwi, nyumba nyingi za huko bomba la fanesi, yaani mtambo wa kupasha nyumba joto, linatokea ubavuni, chini chini, theluji ikirundikana ikaliziba basi moshi unarudi ndani mlikolala. Mumeo atoke na koleo kila baada ya masaa machache aangalie. King'ora cha kaboni monoksaidi kiwekewe betri mpya leo hii, na kikilia mnatoka nje wote hata kama ni saa nane za usiku, mkishakuwa nje ndo mnapiga 911, namba ya dharura ya huko.

Sasa kumwambia mama. Naona asiseme mwingine yeyote, aseme mwanawe. Jiko ni lako na haki unayo, lakini mtu mzima wa Tanga akirekebishwa na mke wa mwanawe mbele ya wajukuu atanyamaza kimya, ataingia chumbani, na hiyo wikendi uliyoitaka imeisha Ijumaa usiku. Mumeo akae naye kitandani kwake amwambie taratibu, mama nyumba za huku zimezibwa, hazipumui kama zetu, hewa ya gesi inabaki ndani. Ataelewa haraka maana habari za watu waliolala na jiko la makaa ndani wasiamke hata nyumbani zinasikika. Halafu ukishamwondolea oveni mpe joto lingine siku hiyo hiyo, soksi za sufu, chupa ya maji moto miguuni, blanketi zito la kukaa nalo sebuleni, chai ya tangawizi kwenye chupa ya chai karibu na mkono wake. Yule bibi anawasha oveni kwa sababu anateseka na baridi, hilo msilisahau.

Na aelezwe pia kinachokuja, asishtuke. Buffalo ipo mwisho wa mashariki wa Ziwa Erie, upepo baridi ukitoka magharibi ukipita juu ya maji ambayo bado yana joto la kiangazi unabeba unyevu, ukifika nchi kavu unaumwaga wote kama theluji, tena kwa ukanda mwembamba, mtaa mmoja umezikwa mwingine maili chache kaskazini jua linawaka. Novemba 2022 vitongoji vya kusini kama Orchard Park na Hamburg vilipata karibu mita 2 za theluji. Mwezi mmoja tu baadaye, sikukuu ya Krismasi, ikaja ile ya upepo ambayo iliua watu zaidi ya 40 katika eneo lenu, wengine walikwama ndani ya magari barabarani, wengine waliugulia nyumbani na gari la wagonjwa halikuweza kufika. Nayasema haya sio kuwatia hofu, nataka ujue kwamba ukiambiwa usiendeshe basi usiendeshe hata kama hamira imeisha. Dawa za mama za presha zihesabiwe leo. Maji ya kunywa yajazwe leo. Na dukani uende kabla ya Ijumaa, huko watu wakisikia theluji wanakomba mikate, maziwa na mayai, rafu zinabaki tupu, wewe wapishe kwenye mikate, nenda sehemu ya unga, chukua mifuko miwili ya paundi tano, hamira, maziwa ya unga, makopo manne ya tui, siagi, iliki, na ndizi zile zilizoanza kuwa na madoa maana mara nyingi wanazipunguza bei.

Unga nao nikuambie kitu kizuri cha kuwapa watoto. Huo mji wenu ni mji wa ngano. Mwaka 1842 mtu anaitwa Joseph Dart alijenga Buffalo ghala la kwanza duniani la kupandisha nafaka kwa mashine ya mvuke, kabla ya hapo ngano ya kutoka bara iliyokuja kwa meli za maziwa makuu ilishushwa na watu kwa migongo yao, gunia kwa gunia, na baada ya hapo mji ukajaa vinu. Yale maghala marefu ya zege yamesimama mpaka leo kando ya mto na General Mills bado wanasaga hapo, ndo ile harufu ya nafaka za kifungua kinywa inayowapata mkipita katikati ya mji na upepo ukiwa upande wenu. Na bibi yao ametoka Tanga, naye ni mtu wa bandari, amekulia kwenye mji wa magunia na makuli, muacheni awasimulie hiyo habari huku mnakanda, nakuhakikishia wale watoto wataweka simu chini wenyewe.

Haya tupange. Siri ya wikendi ya namna hii ni kufanya kazi ya mikono Ijumaa usiku halafu baridi ikufanyie iliyobaki. Unga wa skonzi ukandwe Ijumaa, ulale frijini, asubuhi uko tayari, tena ladha inakuwa nzuri kuliko wa kuharakisha kwa sababu hamira imefanya kazi polepole usiku kucha. Chukua unga wa kawaida gramu 500, kama vikombe 4 vya huko, sukari vijiko vya chakula 4, hamira ya chenga ndogo vijiko vya chai 2, chumvi kijiko cha chai 1, iliki ukipenda. Yai moja, maziwa ya uvuguvugu kikombe kimoja na robo, na siagi laini gramu 60 ambayo unaiweka mwisho unga ukishashikana. Kanda dakika 10 au zaidi mpaka ulainike, utanata kidogo mwanzoni, usiongeze unga ongeza subira, utaacha mikono wenyewe. Weka kwenye bakuli kubwa kuliko unavyodhani, paka mafuta, funika na nailoni, frijini. Asubuhi kata madonge 15, kila mtoto apewe matano yake ayaviringe, yakipinda yakikaa upande yaacheni hivyo hivyo, panga kwenye trei iliyopakwa siagi yakiachana kidogo. Yaumuke tena mpaka yagusane, na kwa sababu unga umetoka kwenye baridi itachukua saa moja na nusu mpaka mbili, mnywe chai ya kwanza bila haraka. Oveni nyuzi 350 za huko, ambazo ni kama 180 za kwetu, dakika 22 mpaka 25. Zikitoka tu pakeni siagi juu zikiwa za moto. Hapo nyumba itanukia mpaka kwa jirani, na jirani nae akiwa mzee anayeishi peke yake pelekeni sahani ikiwa mlango unafunguka.

Jumamosi jioni ni zamu ya mama, na hapa nakuomba ukae pembeni kabisa. Mwambie hivi, mama watoto hawa hawajala mkate wa kumimina wa kwenu, nionyeshe. Mchele vikombe viwili ulowekwe toka Ijumaa usiku (usichukue ule mchele uliochemshwa kiwandani kabla ya kukaushwa, huo hausagiki ukaumuka vizuri, chukua mchele wa kawaida mrefu), asubuhi umwagwe maji, usagwe kwenye blenda na tui zito kikombe kimoja na kidogo, hamira kijiko cha chai kimoja, iliki. Usagwe mpaka ukiusugua kati ya vidole husikii chenga. Sukari robo tatu ya kikombe inaingia baadae, ukishaumuka, maana sukari inalegeza, na ute wa yai mmoja uliopigwa kidogo. Kisha lile la muhimu ambalo mama analijua kwa macho na mimi nakuandikia, sufuria au chombo cha kuokea kipakwe mafuta kipashwe moto kwanza kabisa, uji ukimiminwa usikike unalia chwaa, ndo unapata yale matundu na ile ganda ya chini. Oveni nyuzi 375, dakika 30 mpaka 40, juu ukiwa wa rangi ya dhahabu umewiva. Kwao walipalia makaa juu ya mfuniko, mama ataona oveni imemrahisishia, na hapo ndo utakuwa umempatia matumizi halali ya oveni ambayo alikuwa anaifungua mlango. Mpe kiti karibu, joto la kuokea litamfikia.

Jumapili ni keki ya ndizi tu, watoto waponde ndizi, wewe ulale. Nakwambia ulale kwa maana halisi. Nyie watu wa shifti mnapata wikendi ya namna hii mara moja kwa mwaka kama mna bahati, mwajiri kafunga, barabara imefungwa, hakuna wa kukupigia uje uzibe nafasi ya mtu. Usiitumie kufua.

Niaje Anti, niko Brooklyn Park, Minnesota. Mahamri yangu tangu Novemba ni mawe. Kwetu Mombasa hayajawahi kunikataa. Nje ni minus 20 na nyumba tumeweka 66 juu ya bili. Hamira ni mbaya ama ni mimi?

Ni nyumba dada. 66 ya huko ni nyuzi 19 za kwetu na unga wa hamira unataka 24 mpaka 27, Mombasa unaupata bure hata usiku, ndo maana hukuwahi kufikiria. Hamira haijafa, imelala. Washa taa ya oveni peke yake, taa tu, moto usiguse, weka bakuli ndani ufunge mlango, hiyo taa inatosha kuleta joto zuri kwenye oveni nyingi. Na kama watu wengine wanatumia jiko bandika karatasi mlangoni UNGA NDANI, nimeshapata barua ya mtu aliyewashiwa oveni bakuli la plastiki likiwa mle.

Kuhakikisha hamira, weka kijiko kwenye maji ya uvuguvugu na sukari kidogo, dakika 10 povu lisipopanda itupe. Maji yawe ya kustahimilika kwenye kidole, kama nyuzi 40, watu wakiwa na baridi wanapenda kumimina maji yanayotoa moshi wakidhani wanaisaidia hamira, yakipita 55 hivi inakufa pale pale. Tui la kopo nalo lipashe kwanza, likitoka kabatini kwenye jiko la baridi linazima kila kitu. Kingine ni ukavu, hita inakausha hewa, unga ukiachwa wazi unafanya ngozi juu na ile ngozi ndo inayozuia andazi lisivimbe kwenye mafuta, kwa hiyo taulo lenye unyevu juu ya bakuli na juu ya vipande ulivyokata, mpaka dakika unayovitia kwenye karai. Mafuta nyuzi 350 za huko. Andazi likitulia chini halipandi mafuta bado, likiwa jeusi sekunde za kwanza yamezidi.

Jambo Anti. Mimi ni baba, muzaliwa wa Bukavu, sasa tuko Portland, Maine. Bibi yangu anafanya kazi nyumba ya wazee, theluji imeanguka tangu jana, wamemuomba abaki shifti ya pili kwa sababu wengine hawawezi kufika. Niko na watoto wawili, wanalia mama yao. Nataka tumupikie gato akirudi, lakini sijawahi kupika gato, na mayai imeisha, na siwezi kutoka. Inawezekana?

Inawezekana kaka yangu, na kwanza mpe salamu zetu huyo mke, kuna wazee wa watu mle ndani wanaogeuzwa kitandani na kulishwa usiku huu kwa sababu yeye hakuondoka, na najua wasomaji wangu wengi wanawake kwa wanaume wako kwenye kazi hiyo hiyo saa hizi. Wakiona dirishani theluji inashuka wanawaza watoto. Kwa hiyo usiku huu apigiwe simu ya video aone watoto wamejaa unga usoni, atafanya ile shifti ya pili na moyo mwingine.

Keki isiyo na yai ipo na ni ya kale, Wamarekani waliipika sana miaka ya shida kuu ya uchumi, 1930 na kuendelea, wakati mayai, siagi na maziwa vilikuwa ghali au havipo. Wewe unahitaji unga kikombe kimoja na nusu, sukari kikombe kimoja, unga wa kakao vijiko vya chakula 3, bekingi soda kijiko cha chai 1, chumvi nusu kijiko cha chai. Changanya hivyo vikavu, mtoto mkubwa achekeche. Halafu siki kijiko cha chakula 1, vanila kijiko cha chai 1 kama ipo, mafuta ya kupikia vijiko vya chakula 5, maji ya kawaida kikombe 1. Mimina ukoroge mpaka unga mkavu usionekane, basi, usipige sana. Kinachoiumua ni siki ikikutana na soda, inatoa hewa mara moja na ile hewa haikusubiri, kwa hiyo oveni iwe imeshafika nyuzi 350 za huko na trei ya inchi 8 imeshapakwa mafuta KABLA hujamimina siki. Hapo ndo wanaoanza wanakosea, wanachanganya kwanza halafu wanaanza kutafuta trei, keki inatoka bapa. Dakika 30 mpaka 35. Chomeka kijiti cha meno katikati, kikitoka kikavu toa. Usiikate moto, itavunjika na watoto watalia upya.

Ukiwa huna kakao weka kijiko cha chai cha mdalasini na utumie sukari ya kahawia, inakuwa keki nyingine lakini nzuri. Watoto waandike jina la mama yao juu kwa unga wa sukari kwa kukata karatasi, wanyunyize juu yake, waondoe karatasi. Hiyo kazi itawachukua muda mrefu na ndo unachotaka.

Na wewe mwenyewe kaka, mji wenu naujua kwa sifa, Februari 2013 theluji ya dhoruba moja ilipita sentimita 80 hapo Portland. Akikupigia kwamba wamemruhusu usikimbilie gari. Angalia kwanza bomba la moshi la gari nyuma, kama limezibwa na theluji lifukue ndo uwashe injini, na watoto wasikae ndani ya gari linalowaka huku unafukua. Kufukua nako kwa kidogo kidogo, theluji iliyolowa ni nzito na kila mwaka wapo wanaume wanaopata mshtuko wa moyo wakiwa na koleo mkononi, hasa wale ambao wiki nzima hawakufanya kazi ya mwili. Koleo nusu, pumzika, ingia ndani kanywe chai.

Anti, Toronto hapa. Swali fupi, umeme ukikatika katikati na unga nshakanda na jiko langu la umeme, natupa?

Hutupi. Unga utoe kwenye joto tu, uuweke kwenye bakuli lililofunikwa vizuri mahali pa baridi kabisa ndani ya nyumba, karibu na mlango wa nje au kwenye gereji, utatulia mpaka kesho. Ukiona umepanda sana uponde ushuke, uufunike tena. Wenye jiko la gesi la juu wengi wanaweza kuliwasha kwa kiberiti na wakapika chapati au maandazi, dirisha wakilifungua kidogo, ila wewe wa umeme subiri. Jiko la nyama la makaa au la gesi la mtungi linabaki NJE, hata gereji mlango ukiwa wazi sio nje.

Friji usiifungue fungue, ikifungwa inashika ubaridi kama masaa 4, friza iliyojaa inafika masaa 48 na iliyojaa nusu 24. Wengi wanatoa nyama wanaiweka kwenye theluji, mi sishauri, jua likitoka inapata joto bila wewe kujua na wanyama wanakuja. Afadhali jaza maji kwenye chupa na makopo, weka nje yagande, halafu hiyo barafu ndo uiingize kwenye friji. Desemba 2013 wateja kama 300,000 wa Toronto walikosa umeme kwa dhoruba ya barafu, wengine siku nyingi mpaka Krismasi ikapita, kwa hiyo hili swali lako sio dogo kama ulivyoliandika. Zile skonzi nilizoandika hapo juu zioke siku moja kabla ya dhoruba, zinakaa siku mbili tatu zikifunikwa, na mtu mwenye skonzi, siagi ya karanga na chupa ya chai iliyojazwa mapema hana shida na umeme.

Habari Anti, mimi ni binti wa Njombe, huku theluji hatuna lakini Juni na Julai tunatetemeka, wengine wanaamka wanakuta umande umeganda shambani. Wadogo zangu wakifunga shule tunakaa ndani na bibi. Oveni hatuna, tuna jiko la makaa. Naweza kuoka keki? Na tunaweza kuoka humo humo ndani ili tupate na joto?

La kwanza ndio, la pili hapana mwanangu. Yote niliyomwandikia yule wa Buffalo kuhusu gesi yapo kwenye makaa, tena zaidi, mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa ile hewa kwa wingi na bibi na wadogo ndo wa kwanza kuzidiwa. Okeni barazani au jiko la nje, mkae kuzunguka na mablanketi, na jiko lisiingizwe chumbani usiku hata makaa yakiwa yamefifia, hayo ya kufifia ndo yanawadanganya watu.

Keki yenyewe, tafuta sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga mkavu safi chini kina cha vidole viwili, ifunike uipashe moto dakika 15 juu ya makaa ya wastani. Mchanganyiko wako uwe kwenye sufuria ndogo iliyopakwa mafuta na kunyunyizwa unga, iwe imejaa nusu tu. Huko kwenu maziwa ya kutosha, tumia mtindi badala ya siki na maji kwenye ile keki ya baba wa Bukavu, kikombe kimoja na robo, soda ile ile, na ukipata yai moja ongeza. Iweke juu ya mchanga, funika kwa mfuniko wa bati ulio bapa, na makaa mengine uyapange juu ya mfuniko. Juu yawe mengi kuliko chini, chini yakizidi inaungua kabla katikati haijaiva. Usifunue dakika 30 za mwanzo hata wadogo wakikusumbua. Baada ya hapo ondoa makaa ya juu kwa koleo, futa majivu kabla hujainua mfuniko, chomeka kijiti. Mara nyingi ni dakika 40 mpaka 50. Ikiwa bado mbichi katikati rudisha makaa machache ya juu tu, dakika 10 zinatosha, na bibi apewe kipande cha pembeni chenye ganda kama meno bado yapo, kama hayapo mpe cha katikati na chai ya maziwa.